Wangu wa Njuguna, Aliyekaa Katikati ya Chuo na Zahanati

Wapendwa majirani wa Dundori, na ninyi mliotoka mbali, maneno haya ni yangu mimi Wangu mkubwa, nyanya wa marehemu, na kwa kuwa sikwenda shule, binti yangu Sue ameyaandika nilivyosema na ndiye anayewasomea.

Wangu mdogo alizaliwa tarehe 9 Julai 1985 hapa Dundori, asubuhi ya ukungu mzito, ng'ombe tukiwasikia tu bila kuwaona, akawa kifungua mimba wa mwanangu Njuguna na mkewe Joyline, akapewa jina langu kama ilivyo desturi yetu, na mkunga akacheka akaniambia, "Mama, umezaliwa tena, sasa usinisumbue."

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaenda sekondari mjini Nakuru akikaa na wazazi wake mtaa wa Bondeni walikokuwa wakiuza mboga, kisha akasomea afya ya jamii chuo kikuu, akahitimu mwaka 2009.

Mwaka 2010 aliajiriwa Nakuru kusimamia ushirikiano, kazi ambayo sikuielewa, nikamuuliza mara nyingi, kwani wewe unadunga watu sindano, naye akasema, "Hapana shosho, mimi nawashikanisha wenye dawa na wanaodunga," yaani chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa na dawa, mashine na magari ya kliniki, zahanati zetu zilikuwa na watoto wagonjwa wa kifua, naye alikaa katikati, akibeba maneno ya hawa kwa wale baada ya kuyapoza kidogo. Siku nyingine alikuja huku, akavua viatu, akasimama kwenye viazi na simu sikioni, maua meupe yamemfika magotini, akiongea Kizungu polepole, na mimi kutoka jikoni niliona ni kama anaongea na yale maua, nayo yanakubali.

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na Micah Kigen, wakati watu wa kwetu na wa kwao walikuwa bado wanasalimiana kwa tahadhari tangu zile ghasia za uchaguzi, na baba yake Micah akaniambia, "Msichana wenu anatusikiliza mpaka mtu anaona haya kukasirika." Walijaliwa watoto wawili, Jebet na Ngigi.

Februari mwaka jana alipatikana na saratani ya ini, na mwaka huo huo wakubwa wakakosana, chuo kikitaka damu ya watoto ipelekwe ng'ambo kupimwa, Daktari Jepkosgei wa zahanati akisema ipimwe hapa, mpaka wakaacha kupigiana simu, na mkataba ulikuwa unaisha Juni hii, ukiisha magari ya kliniki yasimame, na mama wa huku juu arudi kumbeba mgongoni mtoto asiyeweza kupumua hadi mjini. Hilo ndilo lilimnyima usingizi, kuliko maumivu.

Tarehe 12 Mei, mimi nikiwa kando ya kitanda chake, aliwaita hospitalini Daktari na mkubwa wa upande wa chuo, kila mmoja asijue mwenzake anakuja, na Bwana Jeff wa chuo aliposema, "Wangu, umetutega," alijibu, "Ndiyo, na mimi siwezi kukimbia, kwa hivyo kaeni." Walianza kwa ukali, yeye akasinzia, Daktari akaweka kidole mdomoni, wakaendelea kwa kunong'ona, na kugombana kwa kunong'ona ni kazi ngumu, hasira yao ikawa inapungua kama mvuke wa chai, pazia likipepea, hata mimi nikachukuliwa na usingizi, nikaona watoto wengi wakitembea ndani ya ukungu bila kukohoa. Nilipozinduka Bwana Jeff alikuwa akisema, "Basi ipimwe hapa, tutafundisha vijana wenu," Daktari akasema, "Na majibu tutawapa yote," na Wangu, macho yamefungwa, akasema, "Sawa, sasa niacheni nilale."

Alitutoka tarehe 15 Mei 2025, kukipambazuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani mliokamua ng'ombe wetu wiki hii yote, wenzake wa kazini mliolia kuliko sisi, na kanisa letu. Daktari Jepkosgei, Bwana Jeff, mlikubaliana kwa mdomo tu, sahihi bado, kwa hivyo Jumatatu mtakapoketi kuandika nitakuja, sitasema kitu, nitakaa tu katikati yenu.

Wangu wangu, pumzika kwa amani, hawa nitawaangalia mimi.