Maneno Kumi na Mawili Kwenye Kitako cha Chungu

Benchi letu pale Lyulilo limeegemea stoo ya kakao, mkabala na mahali mitumbwi ya Ikombe inaposhusha vyungu. Jumamosi ile Dionis muuza kahawa alikuwa amemimina mara moja tu, redio ikasema serikali inaandaa kanuni za sarafu za mtandaoni. Mimi, wanayeniita Karani kwa kuwa naandika daftari la usharika, nikakiweka kikombe chini. Mungu anisamehe, fedha ya mabati ya paa letu niliigeuza sarafu hizo, na mke wangu Mercy hakujua.

— Safi sana! akasema Yotamu, tunayemwita Gavana tangu alipolinda benki miezi miwili. Pesa bila serikali ni ng'ombe bila kamba. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

— Mwana yupi tena? akadakia Wilson fundi simu, yaani Netiweki. Raha ya hizi ni kwamba hazina mkubwa. Wakileta kanuni watataka leseni, kodi, na picha za pasipoti.

— Bora. Ukiibiwa unajua pa kulilia.

— Haziibiwi! Zina maneno kumi na mawili ya siri.

— Na akiyaona mtu? nikauliza.

— Huyo anabeba zote, dakika moja. Karani, mbona umekauka?

Nikaungama. Mwalimu wa mtandaoni alituambia tuyaandike mahali pasipooza wala kuungua. Nyumba yetu inavuja, karatasi haikai. Nikaona chungu kibichi cha Mercy kimelala kifudifudi, nikayachora kwa msumari kwenye kitako, nikijua kikichomwa ni ya milele. Asubuhi hii nimekuta banda tupu. Nimemfuata hadi sokoni, nimekuta vyungu vyote vimeuzwa.

— Kyala wangu! Gavana akamwita Mungu kwa Kinyakyusa. Vimeenda wapi?

— Vingine Busale. Vingine Malawi.

— Malawi! Basi hizo sasa ni fedha za kigeni. Benki Kuu watakuita.

— Wameshasoma, akasema Netiweki. Kuna setilaiti. Unadhani habari ya redio ni bure? Wamekiona kitako chako, ndiyo wakakumbuka kanuni.

— Setilaiti iko juu, kitako kiko chini.

— Chungu kikishaoshwa kinaanikwaje? Si kifudifudi?

Wote tukatazama mbinguni.

— Mficha uchi hazai, akahitimisha Gavana. Sikuelewa, ila iliniuma.

Hapo Mercy akafika, kanga begani, amechangamka kwa mauzo.

— Mmeshindaje? Mbona kama mko msibani?

Sikuweza kumficha tena. Nikamwambia yote mbele yao, mabati, sarafu, msumari.

— Baba Gift, kitako cha chungu kinakwanguliwa lini?

— Sijui.

— Mwisho! Kikishakauka kidogo nakikwangua kiwe chembamba, ndipo nakisugua kwa kokoto. Nilikuta michoro, nikasema Gift anajifunza kuandika. Nikakwangua yote.

— Yote?

— Nani anunue chungu chenye barua?

Pumzi ilinirudi, machozi nayo. Miaka kumi na minane nala kwa udongo wake, sijawahi kukaa nimtazame akimaliza chungu kimoja. Netiweki alishaichukua simu yangu, anabonyeza.

— Zipo, Karani! Hakuna aliyegusa.

— Ndaga fijo! nikasema, nikishukuru Mungu, na mke, na kokoto.

Mercy akainamia kile kioo.

— Humo jina la Baba Gift limeandikwa wapi?

— Hakuna jina, mama, akasema Netiweki. Mwenye maneno ndiye mwenyewe.

— Kwa hiyo angeyasoma mwanamke wa Busale, mabati yangu yangekuwa yake?

— Ee, kama hivyo.

— Na hizo kanuni zikija, zitamjuaje mwenyewe? Kwa jina au kwa maneno?

Gavana akaongeza sauti ya redio, asikie. Sasa ilikuwa inapiga kwaya. Dionis akainamisha birika, likatoa tone moja.

— Uza zote, nikamwambia Netiweki. Na mabati, risiti iandikwe jina la Mercy.