Mama Vina na Malalamiko Yenye Mizani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha lugha katika shule yetu ya msingi, Mama Vina anastaafu. Uongozi umepokea habari hizi kwa majonzi makubwa, ingawa siku zilipofika tulimwona Mwalimu Mkuu akitembea kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Alipoajiriwa, mashairi yalikuwa ya kukaririwa tu, na aliyesahau ubeti alisimamishwa pembeni. Yeye akawaambia watoto shairi huchezewa kwanza, sheria zitafuata. Darasa la kwanza walianza na mistari miwili miwili kuhusu paka na shangazi zao. Wakubwa walipanda kwenye utenzi, wakihesabu mizani kwa vidole, kisha ngonjera, ambamo marafiki waliogombana walirushiana vina hadi wakacheka. Aliyeshindwa na mizani aliambiwa ameandika guni, naye akaenda nyumbani akitamba kana kwamba amepewa cheo.

Kamati ya Taaluma ilimwita kumuuliza mashairi yanaongeza alama ngapi kwenye mtihani. Aliahidi kuleta jibu. Bado tunalisubiri.

Mambo yaliharibika pale alipopitisha kanuni moja: mtoto mwenye lalamiko akiliandika kwa shairi, litasomwa paredi ya Jumatatu, na mlalamikiwa atajibu kwa shairi la aina ileile. Tulikubali huku tukicheka, tukidhani wataandika kuhusu maua. Jumatatu ya kwanza akasimama msichana wa darasa la nne:

*Mlango wa choo chetu,*
*Umekufa, ndugu zetu,*
*Twaushikia wenzetu,*
*Mkuu, mpaka lini?*

Mkuu alitafuta vina siku tatu. Siku ya nne akamwita seremala, maana bawaba hupatikana upesi kuliko vina. Mpishi alijibu shutuma za maharage yenye vijiwe, akakosea mizani, akazomewa. Tangu hapo anachambua maharage. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliandikiwa beti za mistari mitatu mitatu kuhusu kufuta ubao kabla watu hawajanakili. Sikuona haja ya kujibu. Siku hizi nafuta polepole.

Mwezi uliopita uongozi uliamua kwamba kanuni hiyo itastaafu pamoja na mwenyewe. Watoto wakapeleka utenzi kuomba ibaki. Kwa kuwa kanuni ilikuwa bado hai, Mkuu alilazimika kukataa kwa utenzi. Alihangaika wiki nzima, mwisho akaja chumba cha walimu na karatasi yake, akamwomba Mama Vina amtazamie. Tulidhani atamtimua. Alimkaribisha kiti, akamwonyesha kwamba mstari wa tatu umezidi mizani moja, akausawazisha, wala hakugusa neno hata moja la kukataa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga Mama Vina. Nilikuwa meza ya pili, na usahihishaji wangu wa madaftari uliishia hapo.

Jumatatu Mkuu alisoma kwa sauti ya mtu anayejua kwamba amepatia. Watoto walimshangilia kwa dakika nzima, maana hakuwa amewahi kupatia. Kisha darasa la tatu, kwa adabu zote, wakamjibu kwa beti nne. Tulitarajia awakumbushe uamuzi wa uongozi. Badala yake aliomba muda akatunge.

Tangu siku hiyo wanajibizana. Uongozi umeshauri kwamba kanuni haiwezi kufutwa wakati hoja iko mezani, na Mkuu haonekani kuwa na haraka ya kuimaliza. Ndiyo sababu hotuba yake haimo katika ratiba ya hafla hii ya kumuaga Mama Vina.

Mama Vina, asante. Tulikucheka, tukakuogopa, na leo tunakulilia waziwazi, hata sisi wa hesabu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wabishi. Mkuu anakusalimu sana. Atakuja kukuaga mwenyewe akishapata kina cha ubeti wa mwisho.