Heshima Iliyotaka Kuninyima Miguu

Nawasalimu nyote mlioketi hapa kanisani, na kwa namna ya pekee nawasalimu mliokuja kwa miguu. Maneno haya ni yangu. Anayeyasoma ni mjukuu wangu, kwa sababu mimi sikuingia darasani hata siku moja. Lakini nimesimama kando yake, na akiongeza neno lake nitamsikia.

Mnaniona nikipita asubuhi na fimbo yangu, mnadhani nimekuwa hivi siku zote. Sivyo. Kuna wakati sikuweza kufika langoni bila kushikwa mikono yote miwili.

Nilizaliwa Mghange, huko milimani, nikaolewa Mghange. Kwetu hakuna mahali tambarare. Shamba liko chini, maji yako chini zaidi, nyumba iko juu, na kanisa liko juu ya nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba huko kupanda na kushuka ni dawa. Niliona ni taabu tu, nikanung'unika kama wengine. Chakula chetu kilikuwa kimanga, yale maharagwe yaliyopondwa pamoja na mihogo au ndizi, na mboga za majani za shambani. Sukari ilikuwa ya wageni.

Mume wangu alipofariki, mwanangu aliyejenga hapa Voi alikuja kunichukua. Akaniambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa, ule." Ndugu zangu, nawaambia, alisema kwa mapenzi, na mimi nilikaa kweli. Niliwekewa kiti barazani, chenye mto. Nikitaka kuja kanisani, bodaboda inaitwa, ilhali paa la kanisa hili linaonekana kutoka langoni kwetu.

Mke wa mwanangu alinihudumia kama inavyotakiwa. Nyinyi mnajua kwetu: mgeni akimkuta mama mkwe ameshika ufagio, hamuulizi mama chochote, anauliza mke wa nyumba yuko wapi. Na mimi sikuwa mpole. Chai ikichelewa kidogo, nilikohoa. Kikohozi hicho alikijua. Alikuja mbio na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, pamoja na chapati inayong'aa mafuta.

Nikanenepa, na majirani wakafurahi. "Mama, umenawiri! Voi imekupokea!" Hakuna aliyetazama miguu yangu, iliyovimba hata viatu vikakataa kuingia. Nikitoka kitini kwenda chooni, nilisimama njiani nikihema. Nikanyamaza. Nilidhani ndivyo uzee ulivyo.

Kisha tukaalikwa harusi huko Mghange. Gari lilituacha barabarani, na njia ya kupanda kwangu ikabaki mbele yangu, njia niliyoipanda miaka yote na mzigo wa kuni. Nilipanda kidogo, nikaketi juu ya jiwe. Nikainuka, nikaketi tena. Hatimaye vijana wakaleta kiti, wakanibeba. Mtoto mdogo aliyesimama kando ya njia akamuuliza mama yake kwa sauti, "Nyanya amekufa?"

Mama yake akamfinya. Vijana wakameza vicheko vyao, nikavisikia vikikitikisa kiti.

"Bado!" nikamjibu mimi mwenyewe.

Tuliporudi, nilipelekwa hospitali. Daktari akasema nina presha, na sukari imepanda. Akanipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi, sukari na mafuta, na nitembee kila siku, kidogo kidogo. Dawa nilimeza. Hayo mengine niliyaacha palepale hospitalini. Mwanangu aliogopa, akakata shauri: "Basi, mama, Mghange hutapanda tena. Ukitaka kitu cha huko, utaletewa."

Nyumba yangu iko huko. Mume wangu amelala huko. Vitu hivyo ni nani angeniletea? Nililia pale kitini, na sikutaka mtu yeyote aone.

Mke wa mwanangu aliona. Asubuhi iliyofuata nilikohoa, hakuja. Nikakohoa tena. Sauti yake ikatoka jikoni, ng'ambo ya ua.

"Mama, chai iko tayari. Iko huku."

"Ilete."

"Iko huku, mama."

Nilimngoja mpaka jua likanifikia barazani. Nikainuka kwa hasira, nikavuka ua nikishika ukuta. Chai ilikuwa imepoa, na haikuwa na sukari.

"Umenichoka?" nikamuuliza.

"Sijakuchoka, mama." Akanisogezea kigoda. "Nataka urudi kwako. Lakini hutarudi ukiwa kwenye kile kiti."

Mwanangu alipokuja jioni, nilimshtaki mkewe. Walizungumza chumbani kwao, na sauti zikapanda. Kesho yake macho ya mke wa mwanangu yalikuwa mekundu, na chai bado ilikuwa jikoni. Akanipa na ufagio, nifagie ua. Nilifagia nikiwa nimenuna, makusudi kabisa, ili ajue.

Ndipo siku moja majirani wawili wakapita. Mmoja akasimama langoni. "He! Siku hizi hapa mama mkwe ndiye aliyeolewa?"

Mwenzake akacheka. "Nyamaza, wewe. Utamwamsha mwenye nyumba."

Mke wa mwanangu aliwasikia. Alitoka mbio, akaushika ufagio wangu. "Nipe, mama. Basi. Keti tu."

Nikamtazama. Maneno yangu alikuwa ameyavumilia, na ya mumewe pia. Haya ya langoni ndiyo yaliyokuwa yanamshinda. Hapo ndipo nilipoelewa mzigo aliokuwa ameubeba kwa ajili yangu. Akauvuta ufagio, nami nikauvuta.

"Niachie," nikamwambia. Kisha nikawageukia wale wa langoni. "Mwenye nyumba hajalala. Ananifundisha kutembea. Piteni, vumbi lisiwapate."

Ndugu zangu, sikupona siku moja. Nilianza kwa kufika langoni, kisha hapa kanisani, kisha sokoni, asubuhi na mapema kabla jua la Voi halijawa kali. Kimanga kikarudi mezani, na mchicha, na maji badala ya soda. Chai isiyo na sukari mwanzoni ni kama maji yaliyosuuza sufuria. Sasa ile yenye sukari ndiyo inayonishinda. Dawa ninameza hadi leo, kwa hiyo asije mtu akatupa zake kwa sababu yangu. Viatu vikakubali miguu. Daktari alipima, akasema niendelee hivyohivyo.

Mwaka huu mvua zilipoanza, tulikwenda Mghange, mimi na mke wa mwanangu. Gari lilituacha palepale barabarani. Alitembea nyuma yangu bila kunigusa. Nilipumzika mara nyingi, na kila niliposimama naye alisimama, akajifanya anatazama mashamba ya watu. Tulifika. Nilifungua mlango wangu kwa mkono wangu, nikaketi kizingitini, akaketi kando yangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mwanangu, ambaye aliponiona nikitembea aliacha kuniitia bodaboda. Wazee wenzangu, tusiwaombe watoto wetu heshima ya kukalishwa mchana kutwa. Tuinuke tungali tunaweza kuinuka. Nanyi mnaopita malangoni, mkimwona mama mzee ameshika jembe au ndoo, msalimieni, mpite. Msimuulize mkwe wake yuko wapi.

Na mke wa mwanangu, jina lake sitalitaja. Yumo humu ndani, na najua sasa hivi ameinamisha kichwa. Alikubali mtaa mzima umwite mkwe mbaya ili mimi nifike kwangu. Mwanangu, sijawahi kukushukuru mbele ya watu. Asante. Inua kichwa.