Vocha za Chakula Zilizotufikisha Mlango wa Kasino

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na mlio mbele, asifiwe na ninyi mlio karibu na dirisha la jikoni, ambao akili zenu zimeshafika kwenye sufuria. Sitawachelewesha.

Mimi ni Mama Neema wa Tudor. Wengi mwanijua kwa wali wa nazi, na sitajifanya mnyenyekevu: wali wangu ni mtamu. Lakini kulikuwa na wakati jiko langu lilikuwa baridi, na mume wangu, Baba Neema, ana chakula cha kushibisha ukoo mzima mfukoni mwake. Chakula cha karatasi!

Ndugu zangu, Baba Neema alikuwa mtu wa kasino. Kila alivyozidi kucheza ndivyo walivyozidi kumpa zawadi: pointi kwenye kadi yake ya uanachama, kadi ya zawadi ya duka la pale pale, vocha za chakula zenye rangi ya dhahabu. Mshahara ukiishia huko, yeye huja na vocha. "Mama Neema, wasema sileti chakula? Hiki hapa!" Ile kadi ya zawadi nilikwenda nayo mwenyewe nikanunue unga. Nikaambiwa ni ya marashi na mashati tu. Nikarudi na marashi. Watoto wakalala wananukia vizuri, na njaa iko pale pale.

Halafu ikafika zamu yangu ya ushirika. Akina mama mnaijua desturi yetu: kila mwezi tunaomba nyumbani kwa mmoja wetu, na mwenye nyumba ndiye hulisha. Sikuwahi kushindwa zamu yangu. Mwezi ule sikuwa na hata kibaba cha mchele. Baba Neema akanipa vocha zake, akasema nipeleke wageni wakale kama mabibi. Nami nikakubali. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama ufuta, sikuyasoma. Nilidhani chakula ni chakula.

Basi Jumamosi mchana tukaomba, tukaimba, nikawapakia akina mama kwenye tuktuk hadi mjini. Hebu tuoneni! Wanawake wa ushirika, vilemba vyeupe, Biblia kwapani, mmoja ana mtoto mgongoni, tumejipanga mlango wa kasino. Bawabu alidhani tumekuja kuhubiri.

Alikuwa mtu wa adabu. Akaigeuza vocha, akanisomea ya nyuma. Haiuzwi, wala haibadilishwi kwa pesa. Mtoto haingii. Haitumiki ila mwenye kadi awepo na wageni wake. Na hata yeye, lazima awe amecheza siku hiyo hiyo, la sivyo ni karatasi tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Kadzo, mwenyekiti wetu, alikuwa nyuma yangu na alisikia kila neno.

Kumbe Baba Neema alikuwa ndani, amefika sasa hivi. Akaitwa, akatoka anatabasamu. "Ngojeni hapo kivulini. Nicheze kidogo tu, halafu mle."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua macho! Kila sahani aliyokula pale ilikuwa inamrudisha kwenye mchezo. Na siku ile sababu ya kucheza ingekuwa mimi na ushirika wangu! Aibu yote ikanitoka, nikabaki na hofu ya kumpoteza mume. Nikamrudishia vocha zake mkononi, mbele ya wote. "Baba Neema, wageni wangu hawali chakula cha kukupoteza wewe. Sisi twarudi nyumbani. Njaa ikikushika, njoo."

Tukarudi Tudor. Mama Kadzo alipita dukani akatoka na mchele. Mwingine akaleta nazi, mwingine mbaazi. Nikaketi kwenye mbuzi, nikakuna nazi huku nalia, na nawaambia wali kama ule haujapikwa tena, hata na mimi.

Tulipokuwa tunapakua tukasikia hodi. Baba Neema! Hakuwa amecheza. Kabla ya kuomba sahani aliomba aombewe. Akina mama wakamwekea mikono yao inayonuka mbaazi, na alipoinuka akataka mkasi, akaikata ile kadi yake ya kasino mwenyewe. Haleluya! Jumatatu alirudi kule na mchungaji, kuomba jina lake lifutwe kwenye orodha ya wachezaji. Haikuwa rahisi. Simu za kumwita achukue zawadi ziliendelea kuja, naye akawa ananipa mimi nijibu. Nilijibu vizuri sana!

Leo mwamwona? Yule pale mwenye aproni, anayepanga sahani. Najivunia mume wangu, kanisa, najivuna mpaka shingo yaniuma! Asante Yesu, ulimrudisha mezani kwangu.

Kama yupo hapa mwenye kadi ya namna ile mfukoni, asione haya, amwendee Bwana leo. Na ibada ikiisha, njooni mle. Watoto watangulie. Wa nje waingie. Hakuna atakayekuuliza umefanya nini leo. Baba Neema akikupa sahani, igeuze kwanza uitazame nyuma: hakuna kilichoandikwa.