Edna Mossop na Lango Lililofungwa Kila Februari

Kasisi wetu, ndugu, majirani, na ninyi wageni wa fimbo na viatu vya milimani mliokuja kutoka mbali, naomba mtulie hapa kandoni mwa jiwe, ambapo jeneza limetuliwa kama yalivyotuliwa majeneza yote ya Birkhow tangu enzi za mababu, ili wachukuzi wapumue kabla ya kuteremka kanisani, nami nisome historia ya shemeji yangu Edna. Mimi ni Arnold Mossop, mdogo wa marehemu mume wake, na kazi hii nimepewa kwa sababu watoto wake wamesema wao watalia, ilhali mimi sijawahi kunyamazishwa na kitu chochote isipokuwa chakula. Naona wengi mnalitazama lango lililo mbele yetu, lina mnyororo na kufuli, na mwenye shamba amesimama nyuma yake na kofia mkononi, na leo ni tarehe 28 Februari, siku ambayo wenyeji mnajua maana yake. Vuteni subira, tutafika langoni kwa zamu yake.

Marehemu Edna Threlkeld alizaliwa tarehe 6 Juni 1941 katika kitongoji hiki cha Birkhow, juu ya kijiji cha Askergill, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Joseph Threlkeld, mfugaji wa kondoo, na mama Hannah. Mama yake alisimulia kwamba alianza kutembea kabla ya kuota jino la tatu, na siku hiyo hiyo alikutwa nje ya uzio.

Alipata elimu ya msingi katika shule ya kijiji cha Askergill kuanzia Septemba 1946 hadi Julai 1952, akiteremka asubuhi na kupanda jioni kwa njia hii hii tuliyosimama, ambayo sisi tunaiita Njia ya Majeneza, kisha akaendelea na sekondari mjini hadi Julai 1956. Mwalimu mmoja alimwita baba yake kulalamika kwamba mtoto ana akili lakini kutwa anatazama nje, na mzee Joseph akamuuliza, "Huko nje kuna nini?" Mwalimu akajibu kwamba kuna mlima tu, mzee akasema, "Basi anasoma," akavaa kofia akarudi kwa kondoo wake.

Tarehe 1 Oktoba 1959 aliajiriwa na posta kupeleka barua kwa miguu katika mashamba ya juu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2001, akijua kila mbwa kwa tabia yake na kila mtu kwa mwandiko wa wanaomwandikia. Katika mkoba wa barua alibeba pia mundu na kopo la rangi ya manjano, akifyeka miiba iliyoziba njia na kupaka upya mishale inayowaonyesha watembeaji pa kupita, kwa maana alikuwa akisema njia ni kama jamaa, usipoitembelea inakusahau. Alipostaafu akaanza kuwaongoza wageni kila Jumapili, kutoka kanisani hadi daraja la kale la farasi wa mizigo, kisha juu ya kilima na kurudi, wala hakuwadekeza. Kijana mmoja alimwambia, "Bibi, simu yangu inaonyesha tuko katikati ya ziwa." Edna akamjibu, "Basi ogelea, mwanangu, sisi tunapita hapa."

Alifunga ndoa na kaka yangu Wilf Mossop, fundi wa kuta za mawe, tarehe 12 Septemba 1964, katika kanisa hilo mnaloliona chini. Walikutana baada ya Wilf kujenga ukuta mzuri ajabu akasahau kuacha vipandio vya kuuvukia, kosa ambalo kwa fundi wa huku ni sawa na kujenga nyumba bila mlango, na Edna akafika na mkoba wake, akauangalia ukuta, akamwangalia fundi, akasema, "Na mimi nipite wapi, au niote mabawa?" Wilf aliubomoa pale pale akaweka vipandio, na Edna akawa anakuja kila siku kuvikagua, hata kwa wiki ambazo ng'ambo ya ukuta ule hakukuwa na barua hata moja. Waliishi kwa furaha ya kelele nyingi hadi Wilf alipofariki tarehe 3 Novemba 2011.

Walijaliwa watoto wawili, Colin, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1966, na Susan, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1969, na kupitia kwao wajukuu wanne, wote wana magoti mazuri. Colin, yale makasi ya kukatia chuma uliyoyaficha kwenye gari tumeyaona, yaache huko huko.

Sasa lango. Kwa wageni niseme kwamba kwa sheria zetu, mahali ambapo watu wamepita mwaka hadi mwaka bila kuzuiwa hatimaye huweza kuwa njia ya wote, na ndiyo maana mwenye shamba asiyetaka hivyo hufunga lango siku moja kila mwaka, ionekane kwamba wengine wanapita kwa hisani yake. Geoffrey Stainton alirithi shamba hili mwaka 1984, akachagua tarehe 28 Februari, na siku hiyo ya kwanza Edna akaja akalisukuma lango, na kila mwaka akarudi kulisukuma, mvua au theluji, na mkate wa tangawizi mfukoni. Geoffrey humwambia, "Leo hupiti, mama." Edna hujibu, "Nani kakwambia nataka kupita? Nimekuja kuona kama umekufa." Wakishamaliza kutukanana hula mkate ule, kila mmoja upande wake wa lango.

Mwaka mmoja tu hakulisukuma. Ni mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia nchini, na siku hiyo Edna alikuja na kamba yake mwenyewe, akaifunga juu ya mnyororo wa Geoffrey, kisha kwa wiki nyingi, mara amalizapo kazi ya barua, akasimama hapa akiwarudisha watembeaji wasije wakabeba ugonjwa kwa viatu vyao. Kondoo wa Geoffrey waliuawa wote hata hivyo, kwa amri ya serikali. Geoffrey alilia akiwa ameshika lango, naye Edna alilia upande huu, na mwaka uliofuata walitukanana kama kawaida, nasi sote tulifurahi kuwasikia.

Mwezi Juni 2023 moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa hospitali wiki mbili, akarudi nyumbani Birkhow akiwa hawezi tena kufika hata kwenye kisima. Ndipo akamwambia kasisi kwamba akifa azikwe tarehe 28 Februari, abebwe kwa Njia ya Majeneza, na asipitishwe barabarani kama gunia la viazi. Kasisi akamuuliza kama akifa mwezi wa tano itakuwaje, akasema, "Nitajitahidi." Tulimwomba sana abadili siku, tukihofu aibu ya jeneza kurudishwa langoni, lakini Edna ni Edna.

Tarehe 10 Februari mwaka huu Geoffrey alikuja kumwona, mimi nikiwa hapo namimina chai. Aliizungusha kofia yake mkononi, akasema, "Nasikia umechagua siku."

"Ndiyo."

"Geti hufungwa siku hiyo, mama."

"Miaka arobaini najua."

Geoffrey akasema, "Mke wangu Muriel alipofariki nilitaka kuacha kufunga. Wakili akaniambia niitoe tu njia, iwe ya watu. Nikawaza, nikiitoa, nani atakuja kunisukumia geti?"

Edna akaweka kikombe chini, akasema, "Mjinga wewe, si ungenialika chai?"

"Ungekuja lini? Wewe hukai."

Alicheka hadi akakohoa, na Geoffrey akamshika mkono, akamwambia kwamba ametoka kwa wakili, kwamba njia hii itakuwa ya watu wote daima kuanzia leo hii, tarehe 28, na kwamba asubuhi ya leo atauondoa mnyororo. Edna akamkatalia. Akasema, "Usiuondoe, funga kama kawaida. Waje wasimame, Colin akasirike kidogo, inamchangamsha damu. Halafu ufungue wewe mwenyewe, niko hapo, niusikie." Mimi na Geoffrey tukaapa kutosema neno hadi leo.

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi upande wa mlima, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale waliopanda hadi Birkhow kwa miguu theluji ilipofunga barabara, majirani walioleta mchuzi wa kondoo na viazi mwingi kuliko tulivyoweza kula, hata mimi, wafanyakazi wenzake wa posta, na watembeaji wote aliowakaripia wakarudi tena.

Wachukuzi, inueni jeneza. Geoffrey, ndugu yetu, fungua, na mnyororo usikike. Edna, shemeji yangu, pita sasa, ukapumzike kwa amani.