Nyuzi Nne za Kontrabasi ya Katuba

Lubumbashi, Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikapungua tulipokuwa tukifagia ukumbi. Hadi sasa inanyunya, na viatu vyetu sote vina tope jekundu.

Mgeni rasmi, Papa Sylvain Kalenga, kiongozi wa Marafiki wa Muziki, Padri wetu, walimu, wazazi na majirani wa Katuba:

KARIBU

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama kutoka mtaa wa Golf katika barabara hii. Tunasikitika kwamba tumekuimbia bila kontrabasi. Ile pale, imelazwa juu ya meza, imefunikwa kwa kitenge.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wazima tunaojifunza kusoma na kuandika jioni, baada ya soko na kazi. Kwaya ilizaliwa darasani, kwa sababu herufi zilituingia vizuri zaidi tulipoziimba. Kontrabasi, fidla hiyo kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama, tuliipata mjini Sakania kwa bendi iliyovunjika ya watu wa reli. Hakuna aliyeitaka. Mama Huguette Ngosa, muuza vitenge, aliyekuja darasani akiwa tayari ana wajukuu, ndiye aliyesema, "Basi, mi nitaishika. Bwana yangu alikuwa mukubwa kuliko hii, na alinisikiaka." Tulicheka sana. Aliishika.

TULIYOJALIWA

Kontrabasi ina nyuzi nne: sol, re, la na mi, kuanzia mwembamba hadi mnene. Ilipofika kwetu ilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo, na zile mbili nene zilikuwa zimechoka, zinanguruma bila kutoa neno. Mama Huguette alijaribu, akafungua, akafunga tena. Mwisho aliacha utumbo kwenye sol na re, maana hapo sauti ilikuwa laini kama ya mtu anayesali. Kwenye la na mi akaweka nyuzi za chuma, lakini chuma chepesi. Alitueleza kwamba chuma kikali kikikaa jirani na utumbo kinausuta, kama mtu anayecheka msibani. Alipotoka re kwenda la, hukusikia kwamba amebadilisha uzi.

Tukaweka desturi. Kila sauti ya kwaya ilitunza uzi mmoja: soprano sol, alto re, tenor la, besi mi. Uzi ukichakaa, sauti hiyo inatafuta mwingine, inauombea, kisha inamkabidhi Mama Huguette mbele ya wote. Desturi hii ilitupendeza, Mgeni rasmi. Ilitufanya tusikie kwamba ala ni yetu sote.

YALIYOTUPATA

Tulipojiandaa kwa Pasaka ya mwaka huu, Papa Chishimba, kiongozi wa tenor, alimwendea Mama Huguette baada ya mazoezi.

"Mama, uzi yetu inalala. Bantu banasikia soprano tu."

"Hailale, Papa. Inaongea polepole."

"Polepole njo kulala kwenyewe!"

Akaleta uzi wa chuma, mnene, unaovuta sana. Mama Huguette aliupima kwa vidole. "Hii ina nguvu mingi. Ala yetu ni muzee."

"Tuliiombea, Mama. Sasa utairudisha kwa Mungu?"

Watu walicheka, naye akacheka, akaufunga. Tangu hapo soprano hawakukubali kubaki nyuma. Nao wakaleta chuma. Alto wakasema utumbo wao umekuwa yatima. Besi wakaleta uzi mnene kuliko wote. Kila uzi uliombewa, na kila uzi Mama Huguette aliupokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza ubao wa mbele wa ala unaweza kubeba nini. Sauti ikawa kubwa hata majirani wakaja kuchungulia, nasi tukamshukuru Mungu kwa kelele ile.

Siku ya Pasaka, katikati ya wimbo wa Utukufu, ubao ulibonyea chini ya kidaraja kinachobeba nyuzi, ukapasuka. Mama Huguette alibaki amesimama na upinde mkononi. Baadaye alisema jambo moja tu: "Niliisikia inalia. Nilizania njo sauti yake mupya."

Tangu siku hiyo hakurudi darasani. Alikuwa amefikia hatua ya kusoma Injili peke yake, bila kufuata kwa kidole. Kiti chake hatujampa mtu. Leo amekuja kwa sababu tulimbembeleza. Ameketi karibu na mlango.

MAOMBI YETU

Mjumbe wako alitueleza kwamba uko tayari kuitengeneza kontrabasi, kisha ikae katika ukumbi wenu kule Golf, ipigwe na kijana aliyesomea muziki. Hatuna ubishi na wema huo. Kijana huyo ataipiga vizuri, na paa la Golf halivuji kama hili. Sisi wenyewe tumeonyesha jinsi tunavyotunza.

Hata hivyo tunaomba, ikipona, irudi Katuba. Kama hilo ni zito, tunaomba fundi, kabla ya kuifunga nyuzi, amwite Mama Huguette achague. Yeye anajua wapi inataka utumbo na wapi inataka chuma. Na kama hilo pia ni zito, Papa Kalenga, tunaomba ukitoka hapa upite karibu na mlango, umsalimie kwa jina lake. Anafikiri ni yeye aliyeivunja. Tumemwambia sivyo, lakini maneno yetu hayamfikii.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akurudishe Golf bila kukwama njiani, na akupe masikio ya kusikia hata wanaoongea polepole.

Ni sisi, Kwaya ya Masomo ya Jioni, Katuba. Imesomwa na Léa Kasonde.

Sasa Papa Chishimba anasimama kwa niaba ya sauti zote nne. Tulipatana juu ya maneno yake, naye atayasema mbele yenu nyote muwe mashahidi:

"Mama Huguette, mbele ya Mungu, mbele ya mugeni na hawa bantu bote: siku utasema 'uzi hii hapana', tutaitika amina na tutarudi nayo nyumbani. Na hata ala ikibakia Golf, hata mugeni akikatala yote, siku ya Kwanza, hii Jumatatu, saa ya masomo, nitapita kwako. Nitangojea kwa mulango mpaka uvae viatu. Tutaenda pamoja."