Hamahama, Mvuvi Aliyeukimbia Mto Bila Kuuacha

Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, na jua likatoka kali juu ya mto uliojaa tope. Mchana huo marehemu baba yetu alizaliwa, mtoto wa pili wa mvuvi na wa mama aliyesuka migono, yaani mitego ya samaki ya fito na matete. Bibi alitusimulia kwamba mkunga alifika amelowa mpaka magotini, maana njia aliyoizoea ilikuwa imemegukia mtoni asubuhi hiyo. Alipompokea mtoto alisema, "Huyu naye kachagua siku ya kuhama." Jina la Hamahama lilianza hapo, naye hakuwahi kulikataa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu aliziweza, kukaa ndiko kulikomshinda. Mwalimu wa darasa alimuuliza siku moja, "Wewe, dawati lako lina misumari?"

"Halina, mwalimu. Ila maji yamebadilika sauti."

Ukingo haukumeguka siku hiyo wala wiki hiyo, na wenzake walimtania kwa maneno hayo mpaka alipomaliza shule.

Mwaka 1972 aliingia mtoni na baba yake na kaka yake, ambaye kwetu ni baba mkubwa. Walitega migono kwenye mizizi ya matete kando ya maji, ambako samaki hutaga mayai. Matete hayohayo ndiyo wavuvi waliyoyakata kusukia migono mipya, na ukingo uliobaki mtupu ulimeguka mvua zilipokuja. Hakuna aliyesikitika. Ukingo ukianguka na miti yake, samaki hukimbilia kwenye matawi yaliyozama, na kwa siku chache mgono hutoka umejaa. Wavuvi wote walikuwa wakikimbilia hapo. Baada ya hapo tope lilifunika mazalia, maji yakawa kama chai ya maziwa, na nyavu zikatoa mizizi na udongo msimu mzima.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, mkausha samaki wa pale mwaloni wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Walijaliwa watoto wanne. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya udongo, karibu na maji kama nyumba zote za wavuvi.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba 1986, ukingo wa juu ya mwalo ulianguka na mti mkubwa, na wavuvi wakaingia majini kwa shangwe. Baba aliona ufa nyuma ya pale ukingo ulipoanguka, akamwita kaka yake atoke.

"Wewe Hamahama," baba mkubwa alimjibu akicheka, "ukiona ufa kwenye chungu utahama jikoni? Lete mgono. Tutahama tukishashiba."

Baba alikwenda kuleta mgono. Aliporudi, sehemu ya pili ilikuwa imeanguka. Baba mkubwa alipatikana kesho yake amekufa, mbali kule mto unakoelekea.

Tangu hapo baba hakutulia. Alijenga nyumba ya mbao iliyofungwa kwa bolti na nati, akaihamisha mara tatu, kila mto uliposogea. Alipanda matete na mianzi ukingoni, wenzake wakayakata, akapanda tena. Walimwambia hataki watu washibe. Mama naye alikuwa akisema, "Nilidhani naolewa na mvuvi, kumbe naolewa na mpagazi." Picha yao ya harusi hakuitundika. "Nitaitundika nyumba ikitulia," alisema, akairudisha sandukuni katikati ya kanga. Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoishika.

Sisi watatu wakubwa tulihamia mjini. Kitinda mimba alibaki kuvua, akajenga nyumba yake ya mbao na bolti palepale ukingoni, ili asibebe samaki mbali. Jambo moja tu baba alilitaka kabla ya kufa: mtoto huyo aondoke pale. Walilizungumza wakila, wakitengeneza nyavu, wakisalimiana. "Nitahama, mzee," alimjibu kila mara. "Msimu ukiisha."

Mwaka 2022 baba alianza kuugua mapafu. Alitibiwa hospitali ya mjini, akakaa kwa binti yake mkubwa, kwenye mtaa wa lami. Mvua ikigonga bati alikuwa akisimama mlangoni na blanketi lake.

"Baba, hapa hakuna mto."

"Kuna mtaro," alisema. "Nao unakula kingo."

Mwezi Machi mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumapili, tarehe 26 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, kitandani kwake, madirisha yakiwa wazi kama alivyotaka.

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe, wajukuu tisa, dada mmoja, na wavuvi wenzake aliogombana nao na kuvua nao. Tutamlaza huku kilimani, alipopachagua mwenyewe. Yeye aliyehama maisha yake yote, Mungu amjalie makao yasiyomeguka. Waombolezaji wanaombwa wasipite njia ya mwaloni. Sababu yake ni jambo la mwisho ambalo mama ameomba lisomwe.

Alhamisi, tarehe 2 Mei, baada ya mvua ya usiku kucha, ukingo wa mwalo ulianguka upande uliokatwa matete. Baba akiwa kitandani alisikia shangwe. Akamtuma mama: "Kamwambie mwanao asiingie."

Mama alirudi na jibu. "Anasema leo ni siku ya samaki. Matete mtapanda kesho."

Baba aliinuka, akachukua kiti cha plastiki, akaenda mdogomdogo akipumzika njiani. Nyuma ya ulipoanguka ukingo palikuwa na ufa unaoingia vidole. Alivuka ufa huo, akaweka kiti upande wa mtoni, akakaa.

Kitinda mimba alimwona kutoka majini. "Mzee! Toka hapo, panaanguka!"

"Kumbe unajua," baba alisema.

"Baba, nakuomba. Simama."

"Miaka yote mnaniambia sikai. Leo nimekaa."

Kitinda mimba aliuacha mgono, akapanda. Wavuvi wawili walimfuata kumsaidia, na wengine wakatoka majini kutazama. Walimbeba baba na kiti chake mpaka nyumbani, yeye akilalamika kwamba wanamtikisa. Ukingo haukuanguka siku hiyo. Ufa upo mpaka leo, na umepanuka.

Kesho yake asubuhi mama aliamka akakuta kitanda kitupu. Alimfuata mpaka kwa kitinda mimba. Baba alikuwa amepiga magoti penye kona ya nyumba, akihema, spana mkononi, anafungua nati ya kwanza. Kitinda mimba alitoka na mswaki mdomoni, akamtazama, akatema povu, kisha akaenda kushika upande wa pili wa ubao.